Muli Hakuapa

Kalunde aliolewa na mwanamume mmoja, akaja kuishi na mwingine, na wote wawili walikuwa Muli.

Yule wa kwanza alikuwa kijana wa Kasikeu mwenye miguu mirefu, aliyekuja kucheza ngoma Matiliku, akaruka juu mpaka wasichana wakasahau kuimba. Alipeleka mbuzi kwa baba yake Kalunde, wazee wakanywa pombe ya asali, mambo yakaisha. Lakini kodi ya serikali haikungoja maharusi. Muda si muda Muli alishika njia ya Thika kwenda kukata mkonge, naye Kalunde akabaki kwa mama mkwe.

Aliyerudi baada ya misimu mingi alikuwa na shati, blanketi, na kitabu kidogo cha Injili kilichoviringishwa kitambaa. Pombe hakugusa. Ugoro, ambao zamani haukumtoka puani, aliuacha. Jioni ya kwanza alimwambia mkewe, "Mimi siku hizi ni msomi."

Kalunde alicheka. Asomi, kama watu walivyowaita Wakristo, aliwajua tangu kwao. Walikuwa wachache, walikusanyika Jumapili wakaimba kama mbu, na walikuwa na maneno mengi. Akajiambia kwamba jambo hili limempata mumewe kama homa ya ugenini, na kama homa litamtoka akishakula chakula cha nyumbani.

Halikumtoka. Na kilichomshangaza Kalunde ni kwamba Muli hakuwa na maneno mengi. Hata kuimba hakujua. Sauti yake ilikwaruza kama jiwe linaloburutwa. Kila Jumapili alioga, akavaa shati lake, akaenda kwenye ibada kwa miguu. Juu ya kwenda naye alimwambia Kalunde mara moja tu: "Siku ukitaka, tutakwenda pamoja." Kisha hakulirudia.

Mwaka uliofuata Kalunde alipata mimba. Sasa Kasikeu, wakati wa kiangazi, maji huchimbwa mchangani, kwenye mto uliokauka. Wanawake hushuka na vibuyu, huteka kidogo kidogo, kisha hupanda kilima na mzigo mgongoni, ukanda wa ngozi umepita kwenye paji la uso. Ni kazi ya wanawake. Mwanamume akiuvaa ukanda ule, hata mbwa watamshangaa.

Asubuhi moja, tumbo likiwa limeshuka, Kalunde aliamka akakuta ukanda haupo. Alipotoka nje aliwaona wanawake wamesimama kando ya njia wameshika mbavu, na katikati yao Muli anapanda kilima, kibuyu mgongoni, ukanda kichwani, jasho linamchuruzika.

"Umenivua nguo mbele ya watu," Kalunde alimwambia alipofika.

"Wewe umebeba mtoto," Muli akajibu, akitua kibuyu polepole kisimwagike. "Mimi nimebeba nini?"

Wanawake walimtungia wimbo, wakauimba mpaka mtoto akazaliwa. Muli aliusikia, akatabasamu, akaendelea kupanda. Kalunde aliona haya, lakini mgongo wake haukuona haya, ulipumzika. Mtoto wakamwita Nthenya.

Hakuwa malaika. Hasira za ukoo wao alikuwa nazo. Siku moja mbuzi waliingia shambani wakala kunde changa, Muli akamfokea mkewe maneno makali mbele ya mama yake, kumbe aliyeacha mlango wa miba wazi ni yeye mwenyewe. Mwanamume mwingine angekohoa, akachukua fimbo yake, akaenda zake. Muli alikwenda hadi kwenye mlango wa boma, akautazama, akarudi. "Kosa ni langu," akasema. "Nisamehe." Alisema mbele ya mama yuleyule. Bibi yule alibaki ameshika kidevu. Katika umri wake wote hakuwahi kumsikia mwanamume akimwomba radhi mwanamke aliyemtolea mbuzi.

Kisha ikaja ile miaka mibaya ya thelathini na kitu. Nzige walitangulia, wakala hata nyasi za paa. Na misimu iliyofuata ikaleta mawingu yasiyo na maji. Wazee wa ithembo, mahali pa kutambikia, walitaka kila nyumba itoe kitu kwa sadaka ya mvua. Muli hakutoa. "Mvua naiomba kwa Mungu," alisema kwa adabu, "na ninawaombea ninyi nyote." Wako waliosema kwamba asomi ndio wanaofukuza mvua. Lakini kisima cha Muli kule mchangani kilikuwa kirefu kuliko vyote, na wakati wengine walifunika visima vyao kwa miba, chake alikiacha wazi. Wale waliomlaani walituma binti zao wakateke pale, naye aliwashikia vibuyu.

Muli alikuwa na kaka mkubwa, Musembi, mtu wa nguvu na maneno. Katika uchungaji hakuna aliyemfikia. Ng'ombe akiugua, Musembi alijua kwa kumsikia tu anavyopumua. Ukame ulimaliza karibu ng'ombe wake wote. Watoto wake mashavu yakabonyea, na Musembi akawa mtu wa kutembea peke yake porini akitafuta hata panya.

Katika siku hizo Hersi alipita. Hersi alikuwa Msomali, mfanyabiashara aliyenunua ng'ombe kule juu, upande wa Kitui na mbele zaidi, akawaswaga hadi kwenye reli. Alikuwa mtu mrefu mwenye ndevu za hina na maneno machache. Wakati wa sala ulipomkuta njiani, alitandika ngozi yake hapohapo akaswali, na ng'ombe wakangoja. Muli alimpenda kwa hilo. "Mtu yule," aliwahi kumwambia Kalunde, "haangalii nani yuko karibu."

Kundi la Hersi lilipumzika karibu na mto, na asubuhi fahali mmoja mwekundu hakuonekana.

Siku hiyo Muli alikwenda kukata miba ya boma, akarudi mikono mitupu. Aliketi nje ya nyumba. Mchana, wakati amekwenda kisimani, Ndinda, mke wa Musembi, aliingia kwa Kalunde na kikapu kilichofunikwa kwa majani.

"Kula, mama. Usiulize," akanong'ona.

Kalunde hakuuliza. Ilikuwa nyama. Alikula yeye, akamtafunia Nthenya, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi mtoto akalala bila kulia. Muli aliporudi aliona mafuta kwenye midomo ya bintiye.

"Mmekula nini?"

Kalunde hakuwa mwoga. Akamwambia.

Muli alikaa chini. "Niliwakuta korongoni wakimchuna," alisema. "Musembi na wenzake wawili. Walinipa paja, nikakataa." Akamtazama mtoto aliyelala, uso wake haukuwa na hasira. "Kumbe hata nyumba hii imekula."

Hersi hakuwa mtu wa kupotezwa. Wachungaji wake walifuata kwato hadi korongoni, wakaona damu mchangani. Akaenda kwa mkuu wa kijiji, na mkuu akaita baraza. Watu walikuwa wameshapatana: watasema ni simba. Lakini Hersi alikuwa amepita Ukambani miaka mingi, na mambo ya wenyeji aliyajua.

"Sitaki habari za simba," alisema. "Leteni kithitu chenu. Mtu mmoja aape kwa niaba ya ukoo kwamba hamjui fahali wangu. Akiapa, nitakwenda zangu."

Ukoo mzima ulipoa. Kithitu ni pembe iliyojazwa dawa za kutisha, na anayekipiga kwa kijiti huku akisema uongo, yeye na watu wake wanakwisha. Hakuna Mkamba aliyechezea kithitu. Kumwambia mgeni uongo, hilo linawezekana. Kukiambia kithitu uongo ni kuwachimbia wanao makaburi.

Jioni hiyo, jua likiwa bado halijatua, wazee wa ukoo walikuja nyumbani kwa Muli, Musembi akiwa nyuma yao. Aliyesema alikuwa Mzee Kisilu, mkubwa wa ukoo, mtu mwenye ulimi laini.

"Mwana wetu, umetuambia mara nyingi kwamba kithitu ni pembe tu."

"Ndiyo, mzee."

"Kwamba hakiwezi kukuua."

"Sikiogopi, mzee."

"Basi Mungu wako ametusaidia." Mzee Kisilu akawatazama wenzake, akatabasamu. "Kesho atakayeapa ni wewe. Utakipiga, utasema ukoo wetu haumjui fahali yule. Sisi tukiapa tutakufa. Wewe hutakufa. Umesema mwenyewe."

Kalunde, aliyekuwa akichochea moto, nusura acheke. Mtego ulikuwa mzuri. Umetegwa kwa maneno ya Muli mwenyewe, na pa kutokea hapaonekani.

"Wazee wangu," Muli akasema, "kama ningeiogopa pembe ile, ningesema kweli mbele yake, nikawa na nafasi ya kusema uongo mahali pengine. Ninayemwogopa mimi hakai ndani ya pembe. Hata hapa kwenye moto wetu yupo. Najua fahali alivyoliwa. Siwezi kusema sijui."

Musembi alisogea mbele. "Utaniuza kwa Msomali?"

"Sitakuuza. Njoo kesho useme mwenyewe, mwana wa mama. Tutalipa sote. Mimi nina ng'ombe mmoja, nitamtoa."

Mkono wa Kalunde ulisimama juu ya kuni.

"Tangu leo sina ndugu," Musembi alisema. Akatema mate kizingitini, akatoka. Wazee wakamfuata mmoja mmoja, na wa mwisho, Mzee Kisilu, hakuaga.

Walipobaki wawili, Kalunde alisimama. "Ng'ombe yule ni maziwa ya Nthenya."

"Najua."

"Mtoto atakunywa nini?"

"Sijui."

Neno hilo lilimchoma kuliko kama angebishana naye. "Huyo Mungu wako amekwambia nini juu ya maziwa?"

"Juu ya maziwa hajaniambia," Muli alisema. "Ameniambia nisiseme uongo, na cha mtu nikirudishe." Alikwenda kufunga mlango wa boma, na Kalunde akaona fundo la kamba linamponyoka mara ya tatu. Hapo ndipo alipojua kwamba mumewe anaogopa kama mtu mwingine yeyote. Tangu arudi kutoka Thika, Kalunde alidhani kwamba asomi hawaogopi, na kwa hiyo mambo yao ni rahisi kwao. Akamsaidia kufunga ile kamba, ingawa bado alikuwa na hasira.

Kesho yake wanaume walikaa kiwanjani kwa mkuu, wanawake wakasimama nyuma ya ua. Kithitu kilikuwa kimewekwa juu ya mawe, na kila mtu alikaa mbali nacho. Muli alifika akimvuta ng'ombe wake kwa kamba.

"Nani anaapa?" mkuu akauliza.

"Mimi sitaapa," Muli alisema. Watu wakaguna. Akamgeukia Hersi. "Lakini nitasema. Fahali wako hakuliwa na simba. Aliliwa na watu wenye njaa. Hata nyumbani kwangu aliliwa. Nimeleta huyu. Ni mdogo kuliko wako, lakini ana maziwa."

Mkuu akainuka. "Nani aliyechinja?"

"Nimekuja kulipa, mkuu. Sikuja kushtaki. Aliyechinja ana mdomo wake."

Mkuu akamwonyesha askari wake kwa kidole, na kiboko kikalia mgongoni mwa Muli, kikalia tena. Muli aliyumba, akashika pembe ya ng'ombe wake asianguke. Kalunde aliwatazama wanaume wa ukoo: kila mmoja alikuwa anatazama miguu yake. Musembi alikuwa na kijiti mdomoni, anakitafuna. Kalunde alitaka kulitaja jina lake kwa sauti ya juu mpaka watu wa Malili, mbali kule, wasikie. Lakini Muli aliinua uso, akamwona kule uani, akatikisa kichwa kidogo tu. Kalunde akalimeza lile jina.

"Basi!" Ilikuwa sauti ya Hersi. "Anayedai ni mimi, na mimi nimelipwa. Usimpige tena."

Akaja, akaichukua kamba mkononi mwa Muli. Alimtazama ng'ombe, akaona kiwele chake, akamtazama Muli muda mrefu. Moyoni mwake Kalunde alikuwa ameshaanza kutumaini kwamba Msomali ataona huruma amrudishe. Hakumrudisha. Alikuwa amepoteza fahali, na ng'ombe alikuwa haki yake. Akaondoka naye.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Hakuna aliyewapa moto wao ulipozimika. Kisimani wanawake walisogeza vibuyu vyao Kalunde alipofika, na ni kisima alichochimba mumewe. Mgongo wa Muli ulivimba, Kalunde akaukanda kwa maji ya moto, na Nthenya alilia kwa njaa mpaka sauti ikamkauka. Muli hakumtaja Musembi kwa ubaya hata mara moja. Alipomwombea chakula mtoto wake, aliwaombea pia watoto wa kaka yake, kwa majina, mmoja baada ya mwingine, na Kalunde alisikiliza akiwa amekunja uso.

Mchana mmoja, jua la utosi, Ndinda alikuja. Alipita katikati ya boma la mumewe, mbele ya macho ya Musembi na ya ukoo mzima, na kitete, kibuyu kidogo, cha maziwa ya mbuzi mkononi.

"Mtoto hana kesi," alisema kwa sauti ya kusikika huko alikotoka. Akamweka Nthenya mapajani, akamnywesha mwenyewe. Alikuja hivyo kila siku mpaka mvua ikanyesha, na Musembi, ambaye angeweza kumkataza, hakumkataza.

Jumapili iliyofuata Muli alipokuwa akivaa shati lake, Kalunde alimfunga mtoto mgongoni.

"Leo tutakwenda pamoja," alisema.

Muli hakuuliza kwa nini. Njiani Kalunde akaeleza mwenyewe, kwa ukali kidogo, asije akafikiriwa amelainika. "Nataka kuona mahali unapoteka."

Kiangazi kingine kilipofika, Hersi alirudi na kundi kubwa. Safari hii hakupitia kwa mkuu. Alikuja moja kwa moja kwa Muli, akasimama mlangoni.

"Wewe uliyekataa kuapa," alisema. "Nina ng'ombe wameoza kwato. Hawatafika kwenye reli. Nataka kuwaacha kwako mpaka nirudi. Wakizaa, ndama mmoja ni wako."

"Nipe hadi kesho," Muli akamjibu.

Akatoka kwenda kwa Musembi. Kalunde alichukua kitete cha Ndinda kama mtu anayekwenda kukirudisha, akamfuata, maana aliogopa yatakayotokea. Musembi alikuwa akichonga mpini. Hakuinua uso.

"Ng'ombe wa Hersi wanaumwa kwato," Muli alisema. "Mimi kwato sizijui. Wewe unazijua. Njoo tuwachunge sote."

Musembi akacheka kicheko kibaya. "Fisi alikabidhiwa mbuzi lini?"

"Wewe si fisi. Lakini mwenye ng'ombe lazima ajue anamkabidhi nani, na hilo sitamwambia mimi."

Kalunde alidhani mpini ule utaruka. Haukuruka. Muli aliaga, wakaenda zao.

Asubuhi yake Hersi alikuwa ameketi nje akinywa chai yake ya maziwa, Musembi akaja na fimbo yake ya kuchungia. Alisimama mbele yake kama mti.

"Yule fahali mwekundu nilimchinja mimi," alisema. "Watoto walikuwa na njaa. Ndugu yangu alilipa, akapigwa, na jina langu hakulitaja."

Hersi alishika ndevu zake. "Kwamba ni mmoja wenu nilijua. Simba hachuni ngozi." Akanywa chai, akafikiri. "Na mwaka huu una njaa?"

"Kidogo."

"Ikizidi, niambie kabla hujanoa kisu."

Wachungaji wake wakaangua kicheko, na Musembi, ambaye meno yake Kalunde hakuwa ameyaona mwaka mzima, akacheka pia. Kisha akainama, akainua mguu wa ng'ombe wa kwanza, akaunusa.

Hersi aliporudi aliwakuta ng'ombe wake wote wamesimama, na ndama wawili. Alimpa Muli mmoja, jike, kama alivyosema. Wa pili alimsukumia Musembi bila neno. Tangu hapo, kila msimu, aliwaachia ng'ombe wengine, na wafanyabiashara wenzake waliotoka kaskazini waliulizia njiani nyumba ya wale ndugu wawili wa Kasikeu.

Musembi hakuwa msomi. Pombe yake aliinywa, tambiko lake alilitoa, na alipoulizwa alisema, "Hayo ya Muli mimi siyawezi." Lakini kilabuni mtu akianza kuwacheka asomi, alikuwa akitua kibuyu chake chini na kumwambia, "Wengine wacheke. Huyu wetu mwache."

Kalunde alibatizwa pamoja na Nthenya, baada ya kujifunza kusoma kwa shida nyingi na kumgombeza mwalimu mara mbili. Siku hiyo Ndinda alikuja na watoto wake wote. Musembi naye alifika, akakataa kuingia, akasimama nje ya dirisha huku amembeba mwanawe mdogo begani apate kuona. Aliangalia mpaka Kalunde akatoka kwenye birika la ubatizo na nguo zimemgandama, akamwita kwa sauti, "Shemeji, sasa hata wewe utaimba kama mbu!" Watu wakacheka, hata mwalimu. Wimbo ulipoanza alimshusha mtoto, akachukua fimbo yake na kuondoka kwa hatua ndefu, maana ng'ombe wa Hersi walikuwa wamebaki peke yao, na ng'ombe wa mtu hawajui Jumapili.